Kabla hujabeba kamera kwenda Moroko

Kwanza droni iache nyumbani, hii haina mjadala, kule zimepigwa marufuku tangu 2015 na watu wa forodha wakiikuta kwenye begi inabaki hapo hapo eapoti, usianze hata kujieleza kwamba ni kadogo. Polisi, wanajeshi na majumba ya mfalme nayo usielekezee lenzi.

Sasa tuje kwa watu, ndo penye kazi. Wengi wanaenda na lenzi ndefu wanamvizia mzee wa watu kwenye kona kama wanawinda swala, afu wanashangaa wakifokewa. Omba kwanza, hasa kwa kina mama, na sisi Waswahili tuna kaunafuu maana Kiarabu chao, Darija, kina maneno ya kwetu kwetu: "smeh li" ni samahani ile ile, na picha wanaiita "tswira", ndugu yake sura. Sema "mumkin tswira?" afu subiri. Akikataa, shukran, songa mbele.

Uwanja wa Jemaa el-Fna pale Marrakech ni habari nyingine, wale wacheza nyoka na wauza maji wenye makofia mapana na vikombe vya shaba wanaishi kwa picha, kwahiyo weka sarafu za dirhamu mfukoni na mpatane kabla hujabonyeza, ukitoa noti kubwa chenji sahau.

Muda pia. Kama una siku tano usizigawe miji mitano. Kule Fes kwenye mji wa zamani mitaa ina tanuri la mkate la jumuiya, ferran, watoto wanaleta unga uliokandwa kwenye ubao umefunikwa kitambaa. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni kamera shingoni, mzee wa tanuri akanigeuzia mgongo. Ya pili nikaiacha hotelini, nikanunua mkate nikaula pale pale unaniunguza vidole, ya tatu mwenyewe akanionesha kwa mkono nisimame wapi ili mwanga wa moto umpige usoni, yaani picha bora ya safari nzima nimepangiwa na mwoka mikate!

Lenzi chukua fupi inayoingiza mwanga mwingi, 35mm inatosha, vichochoro vina giza kuliko hata vya Mji Mkongwe Zanzibar. Ukisikia "balak!", yaani pisha, ganda ukutani, punda mwenye mzigo hasubiri ufokasi. Ijumaa mchana maduka mengi ya mji wa zamani yanafungwa, watu wanaenda kuswali na kula kuskusi, na Ramadhani mtaa unachangamka baada ya futari, so panga ratiba yako kwa hilo.

Na ukiahidi kumtumia mtu picha, mtumie. Yule mzee nilimprintia moja nikampelekea, akaipangusa unga aliouweka mwenyewe kwa vidole, akaniuliza mbona moja tu.