Unataka kupanda miti ya matunda kwenye bustani ya majani? Anza na kutoa majani

Siku hizi mtu akimaliza kujenga anajaza uwanja mzima paspalum au ukoka, halafu ndo anakumbuka matunda. Anachimba kashimo kadogo ka kuingia kiriba tu (kile kifuko cha plastiki cha mche), anachomeka mwembe katikati ya majani, kila jioni anarusha maji, mwaka unapita mche uko vilevile umepauka, lawama zote anabeba muuza miche. Jamani mara nyingi mche hauna kosa. Ukoka mizizi yake imesukana hapo juu juu, na mche mchanga nao unakula hapo hapo juu, kwa hiyo maji na samadi vinawahiwa na majani.

Sasa fanya hivi. Chora duara upana wa mita moja, ukiweza moja na nusu ni bora zaidi, ng'oa majani yote na mizizi yake, usikwangue juu tu maana kakipande kakibaki kanatambaa tena. Hayo mapande uliyotoa kazibie sehemu zenye upara.

Katikati ya duara chimba shimo sentimita 60 kwenda chini na 60 upana. Udongo wa juu weka pembeni yake, wa chini pembeni yake. Ule wa juu changanya na debe moja au mbili za samadi iliyooza kabisa (mbichi inaunguza mizizi, usidanganyike), rudishia, acha wiki mbili hivi utulie ndo upande. Kwa Dar na Pwani lenga mwanzo wa masika, Machi hivi, mvua zikishashika. Kama udongo wako ni mfinyanzi, kabla hujarudishia mwaga maji shimoni, ukiyakuta bado kesho yake basi parachichi usipande hapo chini, mizizi itaoza, mpandishie kituta.

Siku ya kupanda chana kiriba ukitoe chote, wapo wanaopanda na plastiki lake! Mizizi iliyojizungusha kitako ikate. Mche ukae usawa uleule uliokuwa nao kitaluni, na lile kovu la kubebesha (pale mche wa kisasa ulipounganishwa kwenye shina la kienyeji) libaki juu ya udongo, usilifukie hata kidogo. Shindilia kwa mkono, usikanyage kwa nguvu.

Nafasi: embe mpe mita 8 mpaka 10, chungwa 5 au 6 zinatosha. Kiwanja kidogo achana na embe, panda ndimu, chungwa au stafeli, na vyote viwe mbali na karo na mabomba.

Majani unayokata kila wiki usitupe, yakaushe, tandaza kwenye duara unene wa vidole vinne, ila yasiguse shina, acha kama kiganja kizima pembeni. Kama kwako mchwa wapo kagua mara kwa mara. Maji nayo usirushe rushe kila jioni, hayo yanaloanisha juu tu na kunenepesha ukoka, bora ndoo nzima ya lita 20 mara mbili kwa wiki, taratibu mpaka yazame.

Halafu ongea vizuri na kijana anayekata majani. Ile mashine ya uzi ikigusa shina inachuna ganda, na likichunwa kuzunguka lote mche umekufa, hakuna dawa. Ndani ya duara ni kung'olea kwa mkono tu, na duara lenyewe uwe unalipanua kadiri matawi yanavyotanuka.

Machipukizi yakitokea chini ya kovu yatoe mapema, hayo ni ya mwembe wa kienyeji uliobebeshewa, ukiyaacha yanameza ule wa kisasa ulionunua. Na miche iliyobebeshwa ina haraka, inaweza kutoa maua hata mwaka wa kwanza, najua roho inauma lakini yavunje yote, miaka miwili ya mwanzo mti ujenge shina na matawi kwanza.