Kupanda Vuria kutoka Mombasa: someni kabla ya kuuliza

Kila wiki naulizwa Vuria, kilele cha milima ya Taita, inapandwaje. Naandika hapa mara moja, tusirudie.

1. Mombasa hadi Voi: basi za Mwembe Tayari, au treni kutoka Miritini.

2. Voi hadi Wundanyi: matatu, kupitia Mwatate.

3. Laleni Wundanyi. Tafuteni mwenyeji wa kuwaongoza, na mpatane bei jioni hiyo hiyo.

4. Anzeni kupanda kungali giza. Hapa ndipo nilipokosea. Mara ya kwanza nilitoka Mombasa asubuhi, nikaanza kupanda saa nane mchana, bila mwenyeji, miguuni ndara. Kufika juu, mita 2,208, hata minara ya mawasiliano iliyokuwa mbele yangu sikuiona. Ukungu mtupu. Upepo wetu wa baharini ukifika Taita hukuta milima, hupanda, hupoa, ukawa wingu. Kushuka nikapotea njia. Giza likanikuta katika mashamba ya watu, ndara imekatika, natetemeka. Kila mita 1,000 mnazopanda, joto hupungua kama nyuzi 6. Sweta si pambo. Viatu vya kufunga, tochi, na msiachane.

5. Juu, tazameni magharibi. Kukiwa kweupe mtaiona Kilimanjaro, jua la asubuhi likiipiga usoni. Chini ni nyanda za Tsavo. Mimi huinyamazia kwanza, picha baadaye.

6. Rudini kwa njia mliyopandia.

MASWALI

Kijana wa Kisauni: Naweza kwenda na kurudi siku moja?
— Soma hatua ya 4.

Kijana wa Kisauni: Lakini mimi natembea mbio.
— Mbio haziondoi ukungu. Lala Wundanyi.

Binti Likoni: Shikamoo mwalimu. Kusi na kaskazi zina tofauti huko juu?
— Marahaba mwanangu, umeuliza la maana. Mimi napenda Januari na Februari, kaskazi ikivuma: vuli imekwisha, masika hayajaanza. Kusi ikishika, Juni hadi Agosti, mlima huweza kushinda umejifunika. Ila ukungu huo ndio unaounywesha msitu, na mle mna ndege wadogo wasiopatikana popote duniani ila milima ya Taita. Ukisikia mlio, simama.

Mama wa Tudor: Na mboga za Wundanyi je? Hapa Kongowea zatufikia zimechoka.
— Nunua ukishashuka, dada, si kabla. Chukua kikapu, mfuko wa plastiki huzivundisha njiani.