Kabla ya Kushika Njia ya Natron: Ekseli ya Mbele ya Land Cruiser

Njia ya kutoka Mto wa Mbu kupitia Selela na Engaruka hadi Engaresero, karibu na Ziwa Natron chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, hulitesa gari kwa vumbi la majivu ya volkano, mawe meusi na makorongo ambayo huweza kushusha maji hata kama hapo ulipo hapajanyesha. Ukiendelea kupanda kuelekea Sonjo na Loliondo, kuna mahali utakata usukani mpaka mwisho huku umeingiza forwili na mzigo umejaa. Jointi za ekseli ya mbele hazina kazi ngumu kuliko hiyo. Kwa mwenye Land Cruiser ya familia ya 70, ile inayotengenezwa tangu 1984, ningesema maandalizi yaanzie hapo, kabla hata ya kuzungumzia matairi.

Yaanze wiki mbili kabla ya safari. Kufungua pande zote mbili kwa utulivu ni kazi ya siku nzima au zaidi, na ukikuta kifaa kimekufa utahitaji muda wa kukitafuta kilicho bora. Gari lililofungwa usiku wa kuamkia safari halijajaribiwa, na mimi nisingelipakia watu.

Ndani ya ekseli mna shafti mbili, moja ndefu na moja fupi. Kila moja inaishia kwenye jointi iliyojificha katika nyumba ya chuma nyuma ya gurudumu: kikombe chenye mifereji, gololi sita na kizimba kinachozishika. Ni mtindo uliobuniwa na Alfred Rzeppa miaka ya 1920, na wenye Land Cruiser huiita Birfield. Gololi hufanya kazi ndani ya grisi. Upande wa pili kuna oili ya difu, zile gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu, na kinachotenganisha viwili hivyo ni sili moja ndogo, pete ya kuzuia oili isipite, mwishoni mwa mrija wa ekseli.

Sili hiyo ndiyo chanzo cha matatizo mengi. Ikichoka, oili ya difu huingia kwenye nyumba ya jointi, grisi inayeyuka na kuwa uji mweusi, na uji huo hupita kwenye sili za nje na kulowesha lile tufe la chuma linaloonekana nyuma ya gurudumu. Mwenye gari akiona unyevu humwambia fundi aongeze grisi kupitia bolti ya juu. Grisi mpya inaingia kwenye uji uleule na kuharibika vilevile, na huku difu inaendelea kupungukiwa oili. Nimeona magari yakiongezwa grisi hivyo mwaka baada ya mwaka, na kila mara inanisikitisha, kwa sababu sili yenyewe ni bei ndogo sana ukilinganisha na jointi.

Kwa hiyo lala chini ya gari ulisome tufe. Utando mwembamba wa grisi ni dalili njema. Majimaji meusi yenye harufu kali ya oili ya gia yanakuambia sili ya ndani imekwisha. Tufe kavu lenye kutu linamaanisha grisi haifiki. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hapo fungua kila kitu bila kujadiliana.

Kisha inua gurudumu kwa jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwombe mtu akanyage breki huku ukiendelea kutikisa. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi za gurudumu. Ukibaki, shuku beringi za kingipini, zile mbili zinazobeba nyumba ya jointi juu na chini. Shika tena kushoto na kulia. Mchezo wa upande huo mara nyingi hutoka kwenye tairodi endi, yaani viungo vya mwisho vya fimbo ya usukani. Beringi za kingipini zina ugonjwa wao: kwa kuwa gari huenda mbele muda mrefu, hujichimbia vishimo mahali pamoja, na usukani huanza kunasa katikati au kutetemeka vibaya ukipita kwenye matuta. Hizo hubadilishwa pamoja na vikombe vyake.

Jointi yenyewe ijaribu kwenye uwanja wa vumbi au kokoto, si kwenye lami. Funga habu za magurudumu ya mbele ili zishikane na shafti, ingiza forwili, kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole pande zote mbili. Mlio wa ka-ka-ka unaofuata mzunguko wa gurudumu ni jointi iliyolika. Kama kulika ni kidogo, mafundi wa zamani huhamisha jointi ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, ili nguvu ya kwenda mbele isukume upande wa mfereji ambao haujalika. Hilo linafaa kwa matembezi ya karibu. Kwa Natron, nunua mpya.

Siku ya kufungua, uwepo gereji. Nati ya habu ina soketi yake ya milimita 54. Ukiona patasi na nyundo vinatolewa, simamisha kazi, maana vipande vya chuma vitaishia kwenye beringi. Shimu za kingipini, vile vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi, ziwekewe alama, za juu zirudi juu na za chini zirudi chini. Shafti ifutwe ikaguliwe pale sili inapokaa: kama pamechimbika mfereji, sili mpya itavuja. Grisi iwe ya molibdeni, isichanganywe na ya zamani, isukumwe ndani ya jointi mpaka itokeze upande wa pili kati ya gololi, na nyumba yake ijazwe kama robo tatu.

Usisahau kitundu cha kupumulia juu ya ekseli. Kikiziba kwa vumbi, ekseli yenye joto ikiingia kwenye maji baridi ya korongo hunyonya maji kupitia sili, hata zikiwa mpya. Kisafishe, na ukiweza kivutie mpira hadi juu kwenye injini.

Baada ya kufunga, endesha kilomita mia mbili hivi, gusa kila habu ukisimama. Inayochoma kupita mwenzake imekazwa mno. Kaza tena nati za stadi, zile bolti zisizo na kichwa, zinazoshika mkono wa usukani. Zikilegea stadi hukatika, na gari linabaki bila usukani.

Njiani beba shafti kamili yenye jointi, sili mbili, grisi, oili ya difu na soketi ya 54. Jointi ikivunjika, usitegemee kufungua habu peke yake, kwa kuwa vipande vinaweza kujikaza ndani na kubana usukani. Itoe shafti, safisha vipande vyote, rudisha habu. Gurudumu halitegemei shafti ili kusimama, hivyo utaendelea kwa magurudumu ya nyuma. Oili ya difu itavuja kupitia upande ule ulio wazi, basi ipime kila unaposimama, na uongeze.