Jinsi ya Kusoma Matokeo na Uandikishaji wa Shule ya Umma Kitongojini

Mzazi anayehamia kitongoji cha pembezoni mwa mji huanza kwa kuuliza ni shule ipi inayofaulisha, naye hutajiwa asilimia ya ufaulu peke yake. Usiipokee kabla hujajua imetokana na watoto wangapi. Penye watahiniwa 20, mtoto mmoja peke yake ni asilimia 5. Wawili wakiugua siku ya mtihani, shule itaonekana imeporomoka kwa asilimia 10 ilhali ufundishaji ni uleule. Tafuta basi matokeo ya miaka isiyopungua mitatu na uyasome kwa mfululizo.

Hatua inayofuata ndiyo yenye uzito kuliko zote, na inasikitisha kwamba wengi huiruka: lifuatilie kundi moja la wanafunzi tangu kuandikishwa hadi kufanya mtihani wa mwisho. Tuseme walioandikishwa darasa la kwanza walikuwa 120, waliofanya mtihani wakawa 78, na waliofaulu 70. Shule itatangaza ufaulu wa karibu asilimia 90, na haitakuwa imesema uongo. Lakini ukiwalinganisha wale 70 na wote walioanza, ufaulu unashuka hadi asilimia 58. Muulize mwalimu mkuu, kwa heshima na bila kumshutumu, walikokwenda wale 42: ni wangapi walihama na wazazi wao, wangapi walikariri darasa, wangapi waliacha shule. Uliza pia idadi ya waliohamia katikati ya safari, kwa kuwa vitongoji vinavyokua hupokea wageni kila muhula, na hao huweza kuficha pengo la walioondoka.

Kuhusu uandikishaji, usitosheke na uwiano wa wanafunzi kwa mwalimu. Shule yenye wanafunzi 900 na walimu 30 ina uwiano wa 30 kwa mmoja, lakini ikiwa ina vyumba 18 tu na wote husoma kwa wakati mmoja, kila chumba kitakuwa na watoto 50. Tofauti hiyo si ndogo. Katika jaribio lililoanza mwaka 1985 katika jimbo la Tennessee, Marekani, watoto wa chekechea hadi darasa la tatu waliosoma 13 hadi 17 darasani waliwazidi katika kusoma na hisabati wenzao wa madarasa ya 22 hadi 25.

Kumbuka vilevile kwamba matokeo hubeba hali ya nyumbani, hivyo linganisha shule zinazopokea watoto wa hali zinazofanana.

Mwisho, fika shuleni siku ya masomo, wala si siku ya sherehe. Hesabu watoto wanaobanana kwenye dawati moja. Kisha mwombe mzazi jirani akuonyeshe daftari la hisabati la mwanawe: tazama tarehe ya zoezi la mwisho lililosahihishwa, na kama mwalimu ameonyesha kosa lilipoanzia au ameweka alama ya kosa tu na kupita.