Kumnunulia kijana kamera ya mkanda Unguja na Pemba

Kamera ya mkanda iliyokaa visiwani huliwa na unyevu kabla haijachoka yenyewe. Ndiyo maana unapokwenda kuinunua, tochi ya simu ina maana kuliko jina la kampuni. Vua lenzi, fungua tundu lake lote (nambari ndogo kabisa, kama f/2), imulike upande mmoja na uchungulie upande wa pili kwa mshazari. Vumbi kidogo si neno. Ukiona vinyuzi mithili ya utando wa buibui, hiyo ni koga. Hula ngozi nyembamba ya kupunguza mng'ao iliyopakwa kwenye kioo, na hata fundi akiifuta, alama hubaki. Ikiwa pembeni tu, picha zitatoka. Ikitanda katikati, picha zitafifia; iache hata kwa bei ya kutupa.

Kwa anayeanza, tafuta kamera ambayo shata yake (pazia la ndani linaloachia mwanga ufike kwenye mkanda) inaendeshwa na springi na gia tupu. Pentax K1000, iliyotengenezwa tangu 1976 hadi 1997, inafaa sana: betri yake ya kidonge, LR44, ni ya kipima mwanga tu, na ikifa kamera inaendelea kupiga. Canon AE-1 nayo ni nzuri, lakini bila betri yake ya volti 6 haifyatuki kabisa. Kama kijana anaishi Wete au Mkoani, nunua na betri ya akiba siku hiyo hiyo. Kamera nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitumia betri za zebaki za volti 1.35, ambazo hazitengenezwi tena. Ya volti 1.5 huenda ikaingia, ila kipimo kitadanganya.

Jihadhari zaidi na vikamera vidogo vya miaka ya 1990 vilivyoandikwa APS au Advantix. Vinapendeza na ni rahisi, lakini mkanda wake uliacha kutengenezwa 2011. Mkanda unaotaka ni wa milimita 35.

Sasa ijaribu bila mkanda. Fungua mlango wa nyuma, weka kasi ya sekunde 1, vuta mkono wa kusogeza mkanda, fyatua, uhesabu. Ikikwama au ikichukua sekunde mbili, mafuta ya ndani yameganda. Panda hadi 1/1000 ya sekunde ukiielekeza dirishani: mwanga uonekane katika fremu nzima, si nusu. Kisha weka B (shata hubaki wazi kwa muda unaoshikilia kitufe) na f/16, tundu dogo, bonyeza ushikilie, utazame ndani ya lenzi kutoka nyuma. Vipande vinavyobana tundu vinapaswa kujifunga papo hapo. Vikijivuta, vimeingia mafuta, na picha zitatoka na mwanga kupita kiasi. Canon AE-1 ikilia kama inakohoa kila inapofyatuka, gia za kioo cha ndani kinachopanda kila unapopiga zimekauka mafuta. Hiyo hutengenezeka, basi punguza bei.

Punguza pia ukikuta sponji nyeusi za kwenye mifereji ya mlango zimekuwa lami. Karibu kamera zote za umri huo ziko hivyo. Zikwangue kwa kijiti cha meno na spiriti, uweke sponji nyembamba mpya, la sivyo mwanga utapenya na kuchora michirizi myekundu kwenye picha za rangi. Kioo cha ndani usikiguse kwa kidole wala kitambaa. Chumba cha betri chenye chumvi ya kijani husafishwa kwa pamba yenye siki kidogo, lakini kama waya wa chini umeliwa, kipima mwanga kimekwisha.

Mkanda wa kwanza ndio hupotea, na sababu ni moja: ncha haikushika meno ya roli. Mwonyeshe kijana kwamba baada ya kufunga mlango, kila anapovuta mkono, kirungu cha kurudishia mkanda juu kushoto lazima kizunguke. Kisipozunguka, anapiga hewa. Na asifungue mlango kabla ya kubonyeza kitufe cha chini na kuurudisha mkanda wote.

Kwa mkanda wa ISO 400 (nambari ya wepesi wake wa kunasa mwanga, imeandikwa kwenye boksi), jua kali la mchana ni f/16 kwa 1/500. Mchanga mweupe wa Paje hudanganya kipimo, kila kitu kikatoka cha kijivu. Aongeze mwanga hatua moja (yaani mara mbili) au moja na nusu juu ya kinachosomwa. Vichochoro vya Mji Mkongwe vyenye kivuli kizito aanzie f/4 kwa 1/125.

Ndugu wa Maskati au London akileta mikanda, aibebe mkononi na aombe ikaguliwe kwa mkono. Mashine za mizigo ya chini huiunguza, na zile mpya za CT (zinazopiga eksirei kutoka kila upande) za mizigo ya mkononi pia. Mikanda ikae kwenye friji, itolewe saa moja kabla ya kufunguliwa ili isitoe jasho.

Kamera yenyewe isikae kwenye mfuko wa ngozi, maana ngozi hufuga koga. Iwekwe ndani ya kopo la plastiki la chakula lenye kifuniko cha mpira, pamoja na vijipakiti vya silika vinavyokuja kwenye mabweta ya viatu, vibadilishwe mara kwa mara, hasa wakati wa masika. Bora zaidi aitoe kila wiki na kuifyatua mara kadhaa, kwa kasi zote.