Kabla ya kufungua silinda hedi ya dizeli ya zamani

Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, haiungui bila kitu kuipika. Huwa ni rejeta iliyoziba, feni isiyoshika, mfuniko wa rejeta uliolegea, au maji ya kisima yaliyomiminwa humo miaka nenda miaka rudi. Ukibadilisha gasketi na kuiacha sababu palepale, gari litarudi gereji kabla mwaka haujaisha. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla boliti ya kwanza haijalegezwa. Ninaandika nikiwafikiria wenye Hilux Surf na Prado zenye injini ya 1KZ-TE, pamoja na Hiace na Hilux zenye injini za 2L na 3L, ingawa mengi yanaifaa dizeli yoyote ya rika hilo.

Hakikisha kwanza kwamba ni gasketi kweli. Dalili zinajulikana: maji yanapungua na chini hakuna tone, mipira ya rejeta ni migumu hata asubuhi injini ikiwa baridi, rejeta inatoa mapovu yasiyokoma, moshi mweupe unaendelea hata injini ikishapata joto, au silinda moja inakosa asubuhi kisha inatulia. Hakuna hata moja inayotosha peke yake. Ute mweupe chini ya mfuniko wa oili, kwa mfano, unaweza kuwa unyevu tu wa gari linaloendeshwa safari fupi fupi. Oili yote ikigeuka rangi ya chai ya maziwa hapo kuna jambo, lakini hata hilo si lazima liwe gasketi. Injini kama 1KZ-TE na 1HZ zina kipoza oili kinachopitiwa na maji, na kikitoboka vitu hivyo viwili huchanganyika huku hedi ikiwa nzima kabisa. Gari la gia otomatiki nalo likionyesha povu la rangi ya waridi kwenye rejeta, angalia kipoza cha oili ya gia kilichomo ndani ya rejeta hiyo hiyo. Hedi zimeshafunguliwa nyingi kwa kosa la kipande cha boliti chache.

Kile kipimo cha maji ya buluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta kina mipaka yake kwenye dizeli. Kinatafuta gesi ya moshi, yaani kaboni dayoksaidi. Lakini dizeli hushindilia hewa tupu, kwa uwiano unaozidi 20 kwa 1, ndipo mafuta yanapuliziwa. Uvujaji ukitokea wakati wa kushindilia, kinachoingia kwenye maji ni hewa hii hii tunayovuta, na rangi haina sababu ya kubadilika. Ikibadilika, amini. Isipobadilika, endelea kutafuta.

Mimi naiamini zaidi pampu ya mkono ya kupima rejeta. Jaza maji, pandisha presha hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, toa hita plagi zote (zile zinazopasha moto silinda kabla ya kuwasha), acha hivyo usiku kucha. Asubuhi soma geji, kisha zungusha injini polepole kwa spana kwenye puli ya kranki. Silinda yenye ugonjwa itatema maji kwenye tundu lake. Usikimbilie starta plagi zikiwa zimefungwa, kwa sababu maji hayashindiliki na konrodi ndiyo itakayopinda. Kompresheni nayo ipimwe kwa geji ya dizeli: injini nzima hufika karibu baa 30, na geji ya petroli haikutengenezwa kwa nguvu hiyo. Silinda mbili zilizo jirani zikisoma chini kwa pamoja, gasketi imekatika katikati yao, na hapo una ushahidi mzuri.

Sasa rudi kwenye chanzo. Mfuniko wa rejeta ni kitu cha bei ndogo na ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote. Wenye alama ya 0.9 hupandisha kiwango cha maji kuchemka kutoka nyuzi 100 hadi karibu 120 ukiwa usawa wa bahari. Ukiwa Iringa, mita 1,600 hivi juu ya bahari, maji yasiyo na mfuniko huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Gari lenye mfuniko mbovu, limepakia, tabo inasukuma, linapanda mlima wa Kitonga saa saba mchana: hapo gasketi inaungua bila fundi yeyote kuwa na hatia. Kaplingi ya feni ijaribiwe injini ikiwa imezimwa na bado moto. Ukiisukuma feni kwa mkono ikazunguka kirahisi, imekwisha. Rejeta ifunguliwe na kusuguliwa ndani, kwa sababu kuipulizia maji kwa nje hakuondoi magadi ya kisima cha Dar. Na thamostati ambayo fundi aliitoa "ili gari lipoe" irudishwe. Kwenye injini nyingi za aina hii thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka injini bila kupita kwenye rejeta, na gari unalodhani umelipoza linachemsha mlimani.

Kuhusu hedi yenyewe, panga bajeti mbili tangu mwanzo: moja ya hedi inayopona, nyingine ya hedi iliyopasuka. Mwenye 1KZ-TE aichukulie bajeti ya pili kuwa ndiyo halisi. Hedi yake ni ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma, na ikichemshwa hupenda kupasuka kati ya valvu, ufa mwembamba usioonekana kwa macho ikiwa baridi. Tafuta karakana ya mashine mapema, na uulize maswali matatu kabla ya kupeleka kitu. Je, wanapima hedi kwa presha ikiwa ya moto? Je, wanapima mpindo kwa rula ya chuma na filagauji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), au wanaskimu, yaani kukwangua uso, kila kinacholetwa? Na je, wanajua kushughulika na vyumba vya awali vya kuunguzia? Vitabu vya injini hizi huweka ukomo wa mpindo kwenye kama milimita 0.2, na hedi iliyo ndani ya kiwango haina haja ya kukwanguliwa. Ikikwanguliwa, vile vyumba vidogo vilivyopachikwa kwenye uso wake vinabaki na kimo kisicho sahihi, na valvu zinasogea karibu na pistoni. Mchongaji asiyejua hilo atakurudishia uso unaong'aa kama kioo na injini inayogonga.

Ukilazimika kununua hedi nyingine, fahamu kama unanunua tupu au kamili. Ile tupu inauzwa bei ya kuvutia, lakini itakudai kazi ya kusaga valvu, sili zake, na shimu za kurekebisha nafasi ya kila valvu. Shimu hizo ni vipande vya unene tofauti ambavyo havipatikani kila duka la spea.

Gasketi za dizeli hizi hutoka kwa unene tofauti, zikiwa na alama ukingoni. Unene huchaguliwa kwa kupima pistoni inavyochomoza juu ya uso wa bloku, hivyo usiinunue kwa kumtajia muuzaji jina la gari peke yake. Kama bloku haijawahi kuguswa, alama ya gasketi ya zamani inakuongoza. Kama imewahi, pima silinda zote kwa daya geji, ile geji ya mshale. Wapo mafundi watakaosema "weka nene tu". Nene kupita kiasi inapunguza kompresheni, na mwenye gari Njombe au Makete atakoma mwezi wa saba akitaka kuliwasha alfajiri. Nyembamba kupita kiasi ni hatari zaidi, maana pistoni inaweza kugonga valvu.

Spea nyingine zinunuliwe pamoja: boliti za hedi, taiming belti na kitensheni chake kama belti inakaribia kilomita 100,000, pampu ya maji, thamostati, wosha za shaba za nozo, mipira ya maji, oili na filta za mara mbili, maana oili ya kwanza inamwagwa mapema ili iondoke na maji yaliyobaki. Kulanti, dawa ya maji ya rejeta, ichanganywe na maji yaliyochujwa, nusu kwa nusu, hata kama huijui barafu. Kazi yake huku kwetu ni kuzuia kutu.

Mahali pa kazi pasiwe na vumbi. Chini ya mwembe patafaa kama kuna turubai na sakafu iliyomwagiwa maji. Toki renchi iwepo, na ya kupimia nyuzi pia, kwa sababu boliti hizi hubanwa kwa hatua kisha kwa nyuzi, kuanzia katikati kwenda pembeni. Namba sahihi zitoke kwenye kitabu cha injini hiyo. Kulegeza ni kinyume chake, injini ikiwa baridi kabisa. Matundu ya boliti kwenye bloku yakaushwe, maana oili iliyonaswa chini inaweza kupasua bloku boliti ikiingia. Uso wa bloku usisuguliwe kwa diski ya msasa inayozunguka. Unga wake hushuka kwenye oili hadi kwenye beringi. Kikwanguo cha mkono, subira, na matambara ya kuzibia silinda vinatosha. Mabomba ya dizeli yafungwe midomo mara tu yakilegezwa.

Na fundi? Elewaneni bei mbili pia, ile ya kufungua na kukagua, kisha ile ya kufunga, ili asishawishike kufunga hedi mbovu kwa sababu alishalipwa yote. Mwambie unataka gasketi ya zamani na boliti zote mkononi mwako. Alama za taiming zipigwe picha kwa simu kabla belti haijatoka, upande wa kamu na upande wa pampu ya nozo. Hedi ikienda karakana, silinda zipakwe oili na kufunikwa, hasa kama gari liko pwani, kwa sababu kutu huanza kwenye kuta za silinda ndani ya siku chache, na foleni ya mchongaji mzuri huwa ndefu kuliko anavyokuahidi.