Kupima akiba ya damu ya mishipa midogo ya moyo kwa eko

Angiografia (picha ya eksirei ya mishipa ya moyo) imetoka safi, mishipa mikubwa haijaziba, lakini mama bado kifua kinambana akipanda ngazi. Hapo nashuku mishipa midogo, ile ya chini ya nusu milimita ambayo angiografia haiioni. Hapa Dodoma naipima kwa eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) yenye Dopla, inayosoma kasi ya damu. Kasi wakati wa adenosini, dawa ya kupanua mishipa hiyo, gawa kwa kasi ya mapumziko: jibu ndilo akiba.

1. Chai kwanza. Kafeini huzuia adenosini kufanya kazi, kwa hiyo saa 24 bila chai, kahawa wala kola. Mama mmoja kutoka Mpwapwa nilimuuliza, "Umekunywa kahawa?" Akasema hapana. Nikapata akiba ya 1.6, pungufu. Kumbe aliposhuka stendi alipiga chai ya rangi na maandazi mawili! Aliporudi siku nyingine bila chai: 2.7. Siku hizi nauliza, "Mama, tangu jana umekunywa nini?"

2. Pima presha, piga ECG (kipimo cha umeme wa moyo), uliza pumu. Mwenye pumu kali, au umeme wa moyo uliokatika kwa daraja la pili au la tatu, usimpe adenosini. Aminofilini, dawa ya kuzima adenosini, iwe karibu.

3. Mlaze ubavu wa kushoto. Shusha skeli ya rangi (zile zinazoonyesha mwendo wa damu) hadi sentimita 16–24 kwa sekunde, utafute mshipa wa mbele wa kushoto karibu na ncha ya moyo. Kwenye Dopla vitatokea vilima viwili: kidogo moyo ukikaza, kikubwa ukilegea. Pima kikubwa: hiyo ndiyo kasi ya mapumziko.

4. Washa pampu ya adenosini: mikrogramu 140 kwa kila kilo kwa dakika. Mtu wa kilo 60 ni miligramu 8.4 kwa dakika. Kwa dawa ya miligramu 3 kwa mililita, weka mililita 168 kwa saa. Dakika tatu zinamaliza vichupa vinne vya miligramu 6 na kugusa cha tano, na si vya bei ya karanga. Mwambie mapema kwamba uso utapata joto na kifua kitabana kidogo.

5. Mkono usihame. Mwale wa eko ukiingia kwenye mshipa kwa mshazari, Dopla husoma kasi pungufu, ila tunagawanya namba mbili, na upungufu huo unajifuta mradi mshazari ni uleule. Shida ni kwamba atahema sana. Mfuate kwa rangi, usikimbilie kubonyeza.

6. Pima tena kilima kikubwa dawa ikiwa inaingia. Kila mara chukua wastani wa kasi ya mapigo matatu, ugawe: sentimita 40 kwa sekunde wakati wa dawa kwa 24 za mapumziko ni 1.67. Chini ya 2, akiba ni pungufu. Lakini kama mapigo hayakupanda wala presha haikushuka, usiandike ripoti bado. Muulize tena habari ya chai.